Nani Mwenye Pilipili Hii?

Sehemu ya Sita: Mama Aliyetafuna Bila Kulia

Pilipili nzima, mbegu na kikonyo, ilikuwa imeingia mdomoni mwa yule mama mgeni, na hapo ndipo nafasi ya juma lililopita ilipotuishia.

Turudi upesi basi. Tuko Homa Bay, uwanja wa maonyesho ya wakulima, kwenye kibanda cha Phelesia Awuor, yule mtengenezaji wa sosi ya pilipili anayoiita Mach, yaani moto.

Watu wamesongamana mpaka kibanda kinayumba. Wote wanamtazama mgeni mdomoni.

Akatafuna mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Hakukohoa. Hakutoa chozi. Hata kamasi hakuvuta.

Wala si kwamba pilipili ilikuwa imechoka. Hatua tano kutoka pale, mwalimu mmoja wa michezo, pande la mtu, aliyekuwa ameonja nusu tu, alikuwa bado ameinamisha kichwa chini ya mfereji akimwita mamake.

Mgeni akameza. Akapangusa midomo kwa kiganja. Kisha akasema maneno yaliyomfanya Phelesia ashike meza kwa mikono miwili.

"Hii pilipili naijua. Ni ya mama yangu. Iliibwa kwetu Ntimaru kabla wewe hujazaliwa."

Upande wa pili wa meza, Fanuel alikuwa ameshafungua kalamu. Huyu Fanuel ni mnunuzi wa kampuni moja ya sosi ya Nairobi, na mkataba ulikuwa mbele yake. Mstari wa kwanza ulisema: Pilipili ya Mach imevumbuliwa na kutunzwa na familia ya Phelesia Awuor wa Homa Bay.

Kalamu ikafungwa. Ikarudi mfukoni.

Phelesia aliiona ikirudi. Hakuwa peke yake katika jambo hili. Wanawake ishirini na wawili wa kikundi chake walikuwa wameng'oa mahindi wakapanda Mach kwa sababu yeye aliwaambia mnunuzi anakuja. Sasa mashamba yalikuwa yameiva. Na ni nani sokoni atakayenunua gunia la pilipili ambayo moja tu inatosha nyumba nzima kwa wiki?

"Mama, unaitwa nani?" akauliza.

"Bhoke. Bhoke Nchagwa."

"Na umetoka Ntimaru yote hiyo, kule mpakani na Tanzania, kuja kuniita mwizi mbele ya watu?"

"Sijakuita wewe mwizi. Mwizi ni yule alikupa mbegu."

"Aliyenipa mbegu ni dani yangu!"

Dani, kwa msomaji wetu asiyejua Kijaluo, ni nyanya, yaani bibi. Na kwa Phelesia, aliyelelewa na Dani tangu akiwa na miaka minne, hilo halikuwa tusi la kupita hivi hivi. Picha ya Dani ilikuwa kwenye kila chupa pale mezani.

"Thibitisha," akasema. "Hapa hapa. Usiposhinda, utaniomba msamaha na kipaza sauti."

Bhoke hakushtuka. Akachukua pilipili nyingine, akaiweka mbele ya Fanuel.

"Usipasue bado, kijana. Nisikie kwanza. Pilipili nyingi zina vyumba vitatu ndani. Hii iko na vinne. Ule utando unashika mbegu, kwa zingine ni mweupe. Kwa hii ni wa manjano, na moto wote uko hapo, hauko kwa mbegu. Halafu ikiiva haitoki kijani iende nyekundu. Inapita kwanza rangi ya chokoleti. Siku nne tu. Ukiichuma hizo siku nne, hata wewe mwenyewe utaiogopa."

Phelesia akaiachia meza.

Vyumba, mtu anaweza kuvihesabu. Lakini siku nne za chokoleti ilikuwa siri. Wanawake wa kikundi hawakuijua. Dani alimnong'oneza yeye peke yake, shambani, baada ya kuangalia kama kuna mtu nyuma.

Fanuel akapasua kwa kisu.

Vyumba vinne. Utando wa manjano.

"Kumeumana!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na uwanja ukacheka.

Fanuel hakucheka. Akakunja mkataba.

"Madam Phelesia, nisikize vizuri. Kampuni yangu hainunui pilipili tu. Inanunua na hadithi yake. Nikiandika kwa chupa eti ni ya nyanya yako, halafu huyu mama aende kortini aseme ni ya mamake, mimi ndiye nitafutwa kazi. Kesho asubuhi narudi Nairobi. Huyo dani yako yuko hai?"

"Yuko hai na meno yake yote."

"Anaishi wapi?"

"Ndhiwa."

"Basi twende tumwulize."

"Na mimi," akasema Bhoke. Alikuwa ameshafungua mlango wa gari.

*

Fanuel aliendesha. Wanawake wawili walikaa nyuma, kila mmoja amejibana kwenye dirisha lake, na mkoba wa Bhoke katikati kama mpaka.

Kilomita tano za kwanza hakuna aliyesema.

Ya sita, Bhoke akashindwa.

"Hebu niambie. Huko kwenu mnasema mliipata wapi?"

"Dani alichinja kanga."

"Kanga ndege?"

"Kanga ndege. Alimnasa kichakani. Alipopasua firigisi akakuta mbegu saba. Akazipanda, ikaota moja. Ndiyo hii."

Bhoke alimtazama. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea kiti cha mbele, mpaka Fanuel akapunguza mwendo akidhani pilipili imeamua kumpata hatimaye.

"Firigisi!" Bhoke akasema akijipangusa macho. "Mama, firigisi inasaga mawe! Mbegu ya pilipili itatoka humo mzima? Wewe umechinja kuku ngapi maisha yako?"

Phelesia alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

Alikuwa amechinja kuku wengi sana. Na katika miaka yote hiyo, akiisimulia hadithi ya kanga kanisani, redioni, kwa watoto wa shule waliokuja na madaftari yao, hakuwahi hata siku moja kuifikiria hiyo firigisi.

"Na nyinyi?" akauliza kwa sauti ndogo. "Yenu ilitoka wapi?"

"Mama anasema ilizaliwa nyuma ya jikoni. Basi. Hataji zaidi. Tunaipanda kuzunguka mahindi sababu ya tumbili. Tumbili mmoja alionja, akaenda akaambia wengine, hawajarudi."

Fanuel akacheka peke yake kule mbele.

"Na iliibwaje?"

"Asubuhi moja mama aliamka akakuta zote zilizoiva hazipo. Mti umebaki na mbili tatu za kijani. Alizingoja hizo kama mtoto mgonjwa mpaka zikaiva, ndipo tukapata mbegu tena."

"Mnaiitaje?"

"Doroka."

"Doroka ni nini?"

"Sijui. Si neno la Kikuria. Nikimwuliza mama, ananiambia kula unyamaze."

*

Dani Pelina alikuwa ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha mbele, akimenya njugu kwenye ungo. Miaka sabini na minane, mgongo umenyooka, na masikio yanayosikia hata yasiyosemwa.

Alisikia gari. Akamwona mjukuu wake akishuka, akatabasamu. Akamwona kijana wa shati jeupe, akavuta sketi ifunike magoti.

Kisha Bhoke akashuka.

Ungo ulianguka. Njugu zikatawanyika hadi kwenye mlango wa jikoni, kuku wakazikimbilia.

"Mellen," Dani akasema. "Mellen, mbona wewe hujazeeka?"

Bhoke alikuwa amesimama na mkono mmoja bado kwenye mlango wa gari. "Mellen ni mama yangu," akasema polepole. "Mimi ni Bhoke."

"Bhoke? Bhoke mdogo? Yule wa kulia usiku?" Dani alishika ukuta, akainuka. Ghafla uso ukabadilika. "Phelesia, leta viti. Ooyo, usilete. Hawa watu wanaondoka sasa hivi."

"Dani!"

"Huyu kijana ni polisi?"

"Hapana, mama," akasema Fanuel. "Mimi nanunua pilipili."

Dani aliposikia neno pilipili, akaketi tena.

Phelesia akapiga magoti mbele yake, palepale kwenye njugu. "Dani, niambie habari ya kanga."

"Kanga gani?"

"Kanga ya firigisi! Kanga ya mbegu saba! Ile umeniambia tangu nikiwa mtoto!"

Dani alimwangalia jogoo aliyekuwa akishindana na njugu moja kubwa.

"Hakukuwa na kanga," akasema.

Msomaji, tukubaliane kwamba kuna maneno matatu yanayoweza kumvunja mtu mzima. Phelesia hakulia, lakini alirudi nyuma akakalia kisigino chake. Ishirini na wawili wameng'oa mahindi. Chupa zote zina picha. Na hakukuwa na kanga.

"Basi uliiba," Bhoke akasema.

"Ngoja kwanza. Mimi nitasema. Ukinikatiza nitasahau, na mimi sitaki kusahau tena."

*

Alisema hivi.

Mwaka wa themanini na nne, ile njaa, samaki walikuwapo ziwani lakini unga haukuwapo. Wanawake wa huku walikuwa wanakausha samaki, ile ya kupasua katikati inayoitwa obambla, wanapanda nayo hadi soko la Ntimaru kubadilishana na mahindi na wimbi. Yeye alikuwa miongoni mwao. Safari ya kwanza akashikwa na malaria sokoni, akaanguka juu ya samaki wake.

"Watu walinipita. Walifikiri nimelewa. Mwanamke mmoja akaniokota. Hajui Kijaluo, mimi sijui Kikuria, Kiswahili yetu sisi wote ilikuwa ya kuvunjika vunjika. Huyo ndiye Mellen. Akanilaza kwa kitanda yake, yeye akalala chini na wewe." Alimwelekezea Bhoke kidole. "Wiki mbili. Wewe ulikuwa unalia kila usiku, nikipona nikakubeba mgongoni ndio unyamaze kidogo. Wewe, nasema."

Bhoke alikuwa amekaa kwenye ngazi.

"Tangu hapo kila mwezi nikienda Ntimaru, nalala kwa Mellen. Miaka tatu. Mimi nilikuwa na pilipili yangu ya ziwa, ile ndogo ndogo kama punje ya mchele, ya kutia kwa samaki. Mellen alikuwa na yake kubwa, imekunjamana kama uso wangu sasa, sijui kama iliingia kwao kutoka ng'ambo ya Tanzania. Tukapanda zote pamoja nyuma ya jikoni, kwa sababu uzio wa kuzuia mbuzi ulikuwa moja tu."

"Nyuma ya jikoni," Bhoke akarudia.

"Msimu ya pili, tukapanda mbegu ya hizo. Ikaota moja ambayo si yangu na si yake. Sisi tulifikiri ni ugonjwa. Baba mkwe wa Mellen akaichuma, akaila na ugali. Wololo! Yule mzee alikimbia mpaka mtoni na kofia yake kichwani. Tulicheka mpaka tukalala chini."

Fanuel alikuwa ametoa daftari. Aliandika haraka kama mtu anayeogopa mvua.

"Nyuki walichanganya," akasema. "Ua la hii na ua la ile."

"Mimi sijui nyuki. Mimi najua haikuwako, halafu ikawako, na tulikuwa wawili."

Phelesia akainua uso. "Kwa hivyo hukuiba."

Sasa tazama, ndugu msomaji, namna ukweli unavyochelewa. Dani angeweza kusema ndiyo, sikuiba, na hadithi ingemalizika vizuri kwake. Fanuel alikuwa tayari kuandika hivyo.

"Niliiba," Dani akasema.

*

Duka moja la Kisumu lilikuwa limesikia sifa za pilipili hiyo. Lilikuwa tayari kuchukua zote zitakazopatikana. Baba yake Phelesia alikuwa darasa la nane, amefukuzwa shule kwa karo. Mti ulikuwa mmoja, na ulikuwa umeiva.

"Tulikuwa tumekubaliana tugawane. Nusu kwa nusu. Mimi nikaamka kabla ya jogoo. Nikachuma zote zilizoiva. Sikuwa na kitu cha kufungia, nikachukua kitambaa ya Mellen ya kichwa, ile alikuwa ametundika kwa msumari. Nikatembea."

"Ukauza," Bhoke akasema.

"Sikuuza. Nilifika hapa nyumbani, nikafungua kitambaa, nikashindwa. Hata moja. Nikazipanda. Mtoto alikaa nyumbani mwaka mzima." Dani alikuwa akiongea na mikono yake. "Sikurudi Ntimaru tena. Watu wakiniuliza pilipili imetoka wapi, siku moja nilikuwa nanyonyoa kanga, nikasema kanga. Watu wakapenda. Ikawa hivyo."

Bhoke alikunja uso. "Lakini kuna kitu sielewi. Mama amezungumza habari ya watu wote waliopita kwake. Hajawahi kutaja Pelina."

"Wakati huo sikuwa Pelina. Hiyo nilipewa baadaye, nilipohama kanisa nikabatizwa tena. Mimi mwenyewe niliwaomba jina jipya. Ile ya zamani ilikuwa inaniuma."

"Ya zamani ilikuwa gani?"

"Dorka."

Bhoke aliinuka kutoka kwenye ngazi. Akaketi. Akainuka tena.

"Doroka," akasema.

"Ndiyo, Mellen alikuwa anaita hivyo. Dorka ilikuwa inamshinda."

"Hapana, mama, hunielewi. Pilipili. Kwetu pilipili hiyo inaitwa Doroka. Nyumba zote. Watoto wanatumwa, nenda ulete Doroka. Tangu nikiwa mdogo."

Phelesia akamshika Dani goti.

"Alikuwa ananiita kwa hasira?" Dani akauliza. "Ama kwa nini?"

"Sijui. Lakini tunaweza kumwuliza."

"Kumwuliza nani?"

"Mama."

"Mellen yuko hai?"

Na hapo ndipo Dani alipolia. Si kwa sauti. Alifunika uso kwa kanga ya kiunoni, mabega yakapanda na kushuka, na Bhoke, aliyekuwa amekuja kutafuta mwizi, akajikuta anamshikia simu sikioni.

*

Simu ililia mara sita kule Ntimaru. Bhoke akaweka sauti ya juu.

Wakasalimiana kwa Kikuria, Bhoke akaeleza, akanyamaza, akaeleza tena. Upande wa pili hapakuwa na sauti ila mbuzi.

Kisha sauti nzee, kavu, ikaja kwa Kiswahili.

"Doroka yuko hapo?"

"Niko," Dani akasema.

"Uliondoka na kitambaa changu."

Phelesia na Fanuel wakatazamana.

"Mellen..."

"Kile cha maua mekundu. Nilikuwa nimekivaa mara mbili tu. Pilipili nilikusamehe zamani, hata kabla zile za kijani hazijaiva. Lakini kitambaa, Doroka, hapana. Kitambaa hapana."

Dani alianza kucheka huku bado analia, na ikawa fujo ya makamasi. "Kwa nini hukuja kunitafuta?"

"Nije wapi? Nilijua tu unatoka ziwani. Nilikuwa niulize samaki?"

"Na kwa nini uliita pilipili jina langu?"

Mbuzi akalia. Mellen akamfokea mbuzi. Kisha akarudi.

"Ilikuwa inanichoma na nilikuwa naipenda. Ulitaka niiite nini?"

Waliongea dakika ishirini. Sitakuandikia yote, maana mengi yalikuwa ni nani amekufa na nani ameng'oka meno. Salio lilipokatika, Dani alikuwa ameketi wima kama msichana.

"Kijana," akamwambia Fanuel, "hiyo karatasi yako. Futa hapo umeandika familia ya Phelesia. Andika Dorka na Mellen. Wote wawili. Ukikataa, nenda utafute kanga."

Fanuel alicheka. Tangu asubuhi uso wake ulikuwa wa ofisini. Sasa ulikuwa wa mtu. "Mama, hii ni tamu kuliko kanga. Wanawake wawili, ziwa na mpaka, pilipili moja. Watu watanunua chupa wasome tu."

"Na mashamba?" Phelesia akauliza haraka. "Kikundi changu na watu wa Ntimaru?"

"Tunanunua kwa wote wawili. Kama bosi atakubali."

Phelesia alimgeukia Bhoke. Walikuwa wametukanana tangu saa nne asubuhi, na sasa hakuna aliyejua aanzie wapi.

"Samahani kwa ile ya kipaza sauti," akasema.

"Wewe ni mkali," Bhoke akasema. "Hata mimi ningesema hivyo. Kwetu tungekuita Doroka."

Phelesia akacheka. Akaingia jikoni kuinjika chai. Jua lilikuwa bado juu, kuku wameshiba njugu, na kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze, kila mtu alikuwa upande mmoja.

Hilo lilidumu kama dakika saba.

*

"Ngoja nimpigie bosi tumalize," Fanuel alisema. Aliweka simu juu ya ungo, sauti ya juu, ili wote wasikie habari njema.

"Fanuel!" Sauti nzito, nene, yenye haraka. Huyo alikuwa Zadock, mkuu wa ununuzi wa kampuni. "Amesaini?"

"Bado, bosi. Kuna habari nzuri zaidi. Pilipili ina wenyewe wawili. Mmoja wa Homa Bay, mmoja wa Ntimaru. Tunaweza kuweka majina..."

"Achana na majina. Huyo wa Homa Bay asaini leo. Ile ya Ntimaru mimi nimeshaimaliza."

Fanuel akakunja uso. "Umeimaliza vipi, bosi?"

"Wewe kazi yako ni sahihi, si maswali. Nikiwa na karatasi zote mbili, mbegu inaandikwa jina la kampuni. Basi. Msimu ujao wakitaka kupanda, watanunua kwetu. Na wakipanda bila kununua, kuna sheria."

Phelesia alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. Chai ilikuwa inamwagika taratibu kwenye viatu vyake na hakuihisi.

Lakini hakuwa akimtazama Fanuel. Alikuwa akimtazama Bhoke.

Bhoke alikuwa amebadilika rangi. Huyu mwanamke, aliyetafuna pilipili nzima bila kuvuta kamasi, alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Huyo mtu," akanong'ona, "amekunywa chai kwetu."

"Nani?" Phelesia akanong'ona.

"Huyo wa simu. Hiyo sauti. Alikuja mwezi uliopita, akasema yeye ni daktari wa mimea. Akang'oa miti miwili na mizizi yake, mama akamsaidia kufunga. Akamwuliza mama, nyinyi na yule wa Homa Bay ni ndugu? Sisi hatukujua kuna wa Homa Bay! Ndio nikaanza kuuliza, ndio nikafika kwa kibanda chako." Alimeza mate. "Kabla aondoke, alitoa karatasi. Akasema ni ya kumshukuru mama kwa chai. Mama hajui kusoma. Aliweka kidole."

"Na wewe hukusoma?"

"Mimi nilikuwa nje, namkamatia kuku wa kupeleka nyumbani."

Juu ya ungo, simu ilinyamaza ghafla. Ulikuwa ukimya wa mtu anayesikiliza.

"Fanuel," Zadock akasema. Haraka ilikuwa imemwishia. Sasa aliongea polepole, neno baada ya neno. "Nasikia watu. Uko na nani hapo?"

Fanuel alitazama simu. Akautazama mkataba kwenye goti lake, kisha Dani, kisha Bhoke, kisha Phelesia, ambaye alikuwa ametua birika chini na kunyoosha mkono, kiganja wazi, akiidai ile karatasi.

"Fanuel. Nimekuuliza uko na nani."